SWALI LA WALIOTOKA KANISANI
Hotuba juu ya watu waliosilimu katika Rwanda baada ya mwaka 1994



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake. Baada ya hayo, maneno ya leo yahusu jambo ambalo kila Mwislamu wa Rwanda amelisikia likisemwa barazani na sokoni, lakini aghalabu husemwa nusu nusu: habari ya watu walioacha Ukristo baada ya mwaka 1994 wakaingia katika Uislamu. Wako wanaolisema kwa majivuno, kana kwamba ni ushindi katika mashindano. Wako wanaolinyamazia kwa haya, wakichelea kuwaudhi majirani. Njia zote mbili hazifai. Watu wale walitoka na swali moyoni, na swali hilo lina haki ya kusikilizwa mpaka mwisho, kwa maana mwisho wake hauwaelekei Wakristo. Wawaelekea Waislamu wenyewe.

Ili swali hilo lieleweke, hapana budi kutazama kwanza jinsi nchi ilivyokuwa. Mapadri Weupe walifika Rwanda mwaka 1900, wakajenga misheni yao ya kwanza Save, upande wa kusini. Mwanzoni walipata wafuasi wachache, tena wengi wao wanyonge. Mambo yakageuka katika utawala wa Wabelgiji. Mfalme Yuhi Musinga, aliyekataa kubatizwa, aliondolewa katika kiti chake mwaka 1931 akapelekwa uhamishoni, na mwanawe Mutara Rudahigwa akawekwa mahali pake. Mutara alibatizwa mwaka 1943, na mwaka 1946 akaiweka nchi nzima chini ya ulinzi wa Kristo Mfalme. Katika miaka hiyo ubatizo ulikuwa mlango wa shule, na shule ilikuwa mlango wa cheo. Mtu hakujua tena kama jirani yake amebatizwa kwa sababu ya imani au kwa sababu ya kazi; na pengine mwenyewe naye hakujua.

Serikali hiyo ya Wabelgiji ndiyo iliyoandika katika kitambulisho cha kila mtu kwamba huyu ni Mhutu, huyu ni Mtutsi, na huyu ni Mtwa. Shule za misheni ziliwapendelea kwanza watoto wa machifu wa Kitutsi. Kisha, ilipofika miaka ya 1950, mapadri wengi wakageukia upande wa Wahutu. Kwa hiyo Kanisa halikuwa likiitazama fitina hii kwa mbali. Lilikuwa ndani ya nyumba ambamo fitina ilipikwa. Hata baada ya uhuru wa mwaka 1962 jambo hili halikubadilika sana. Askofu Mkuu wa Kigali, Vincent Nsengiyumva, alikuwa kwa muda mrefu mjumbe wa kamati kuu ya chama kilichotawala.

Waislamu wao walikuwa pembeni. Dini yao ililetwa na wafanya biashara wa pwani, na askari na makarani waliofuatana na Wajerumani. Msikiti wa kwanza wa Kigali ulijengwa mwaka 1913. Wabelgiji waliwahesabu Waislamu kuwa ni watu wasio na kwao, wakawatengea mitaa ya Waswahili, na mtaa huo katika Kigali ni Biryogo. Mtoto wa Kiislamu aliyetamani kusoma alikuta shule ni ya misheni, na mlango wake wadai ubatizo. Neno "Mswahili" likawa tusi, maana yake mtu mjanja asiyeaminika. Waislamu wakabaki kuwa wachuuzi, madereva, mafundi na wachinjaji, na katika ofisi za serikali hawakuonekana ila kwa nadra. Hesabu ya watu ya mwaka 1991 iliwakuta Wakristo wapata 90 katika kila watu 100, na zaidi ya 60 katika hao 100 walikuwa Wakatoliki. Waislamu hawakufika hata wawili katika mia.

Hivyo ndivyo nchi ilivyokuwa: kwa hesabu, mojawapo ya nchi za Kikristo kupita zote katika Afrika. Jumapili makanisa yalijaa mpaka watu wakasimama nje.

Usiku wa tarehe 6 Aprili 1994 ndege ya Rais Juvénal Habyarimana ilitunguliwa ilipokuwa ikikaribia kutua Kigali. Tangu siku iliyofuata, kwa muda wa siku 100 hivi, Watutsi waliuawa kote nchini, wazee kwa watoto wachanga, na pamoja nao Wahutu waliokataa uovu huo. Umoja wa Mataifa umetaja hesabu ya watu 800,000. Serikali ya Rwanda yataja hesabu inayopita 1,000,000. Waliouawa walikimbilia kule walikofundishwa kukimbilia. Katika machafuko ya mwaka 1959 na miaka iliyofuata, watu walioingia katika misheni aghalabu walisalimika, na kumbukumbu hiyo ilibaki vijijini. Mwaka 1994 watu wakachukua watoto wao na mikeka yao wakaenda kanisani tena. Mara hii kanisa likawa mtego.

Katika Nyamata na Ntarama, kusini ya Kigali, maelfu waliuawa ndani ya makanisa. Nguo zao na mifupa yao ingali imehifadhiwa humo, na Nyamata imetiwa mwaka 2023 katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya mahali pa urithi wa dunia. Katika Nyarubuye, upande wa mashariki, ilikuwa vivyo hivyo. Katika Nyange kanisa liliangushwa kwa tingatinga juu ya watu waliokuwamo. Na padri wa parokia hiyo, Athanase Seromba, alihukumiwa na mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokaa Arusha, ambayo mwaka 2008 ilimpa kifungo cha maisha katika rufaa. Katika Mugonero, mchungaji mkuu wa Wasabato wa sehemu ile, Elizaphan Ntakirutimana, alihukumiwa na mahakama hiyo hiyo mwaka 2003. Watawa wawili wa Sovu walihukumiwa Brussels mwaka 2001. Hayo yametajwa kwa kuwa ni hukumu za mahakama, si maneno ya barazani.

Basi, ndugu Waislamu, mchukueni kwa mfano mjane mmoja wa kijijini, wala msimtafute jina, kwa maana wa namna yake ni wengi. Alibatizwa katika kanisa la parokia yake. Akafunga ndoa humo. Watoto wake wakabatizwa humo. Mwaka 1994 wakafa humo. Na aliyewaua alikuwa akiketi benchi la tatu kutoka mbele, akiimba kwa sauti nzuri. Vita vilipokwisha, kanisa likaoshwa, kengele ikapigwa, na mjane akaalikwa kurudi kwenye misa. Atakwenda? Na akienda, ataketi wapi?

Wengi wa namna yake walikwenda, na Mungu ndiye ajuaye uzito wa hatua zao. Wengine hawakuweza. Na wale wasioweza hawakuanza kwa kuuliza habari za Utatu, wala habari za Nabii Isa kuwa ni mwana au ni mtumwa wa Mungu. Maswali hayo ya wanavyuoni yalikuja baadaye, kwa waliopata mwalimu. Swali lao la kwanza lilikuwa juu ya mafundisho ya mwenendo, nalo lilikuwa na pande tatu.

Upande wa kwanza ulikuwa juu ya upendo. Ukristo husifiwa kwamba ni dini ya upendo, na kila mtoto wa shule ya misheni alijifunza kumpenda jirani kama nafsi yake. Mjane yule aliuliza: kama fundisho hili lilihubiriwa kwa miaka 94, kutoka Save mpaka kila kilima, kwa nini halikuuzuia mkono hata mmoja pale kwenye benchi la tatu? Upendo uliohubiriwa ulikuwa mpana mno, wa watu wote wa dunia, na huenda kwa upana huo ukawa hauna mahali pa kushika. Mtu aliweza kuupenda ulimwengu siku ya Jumapili na kumwogopa jirani siku ya Jumatatu.

Upande wa pili ulikuwa juu ya utii. Waumini walifundishwa kwamba wenye mamlaka wamewekwa na Mungu, na Askofu Mkuu akiketi katika kamati ya chama, mkulima angejuaje mahali sauti ya Mungu inapokoma na sauti ya chama inapoanza? Ilipotoka amri ya kuua, ilitoka kwa mkuu wa wilaya, diwani na askari, watu walewale aliozoea kuwatii. Waliouliza swali hili waliona kwamba fundisho la utii lisilokuwa na mpaka ni shoka lililoachwa mlangoni. Yeyote apitaye aweza kuliokota.

Upande wa tatu ulikuwa juu ya msamaha, nao ndio uliouma kupita yote. Muuaji aliweza kuingia katika chumba cha kitubio, akanong'ona na padri, akatoka akiwa ameondolewa dhambi. Na mjane, mwenye kudhulumiwa, hakuulizwa. Dhambi iliyotendwa juu ya watoto wake ilifutwa pasipo yeye kujua. Hapana budi kusema kwa haki kwamba padri mwenye elimu atajibu kuwa Kanisa nalo hudai toba ya kweli na kurudisha kilichodhulumiwa. Lakini kile mjane alichokiona katika parokia yake ni kunong'ona tu. Alipofundishwa na walimu wa Kiislamu kwamba haki za waja haziondoki kwa toba ya siri, mpaka aliyedhulumu arudishe haki au aombe radhi kwa mwenyewe, na kwamba asiyefanya hivyo ataidaiwa mbele ya Mungu siku ya hesabu, alihisi kuwa sasa yuko mtu aliyemtaja yeye. Baadaye nchi yenyewe ilipoanzisha mabaraza ya gacaca, yaliyokwisha kazi yake mwaka 2012, na kuwataka wauaji wakiri mbele ya watu wa kilima chao, jambo hilo halikuwa geni masikioni mwake.

Lakini mtu haachi dini ya wazazi wake kwa hoja peke yake. Lazima awe ameona nyumba nyingine yenye taa. Na taa hiyo wengi waliiona katika mitaa ile ile iliyodharauliwa.

Wakati makanisa yalipokuwa yakigeuka kuwa machinjo, katika Nyamirambo na Biryogo milango mingi ilifunguliwa. Mzee Yahaya Nsengiyumva wa Nyamirambo aliwaficha nyumbani kwake watu zaidi ya 30. Wengine waliwavika wageni wao kanzu na mabuibui, wakawapa majina ya Kiislamu, wakawafundisha namna ya kutawadha, ili Interahamwe wakija wakute jamaa ya Waislamu tu. Katika Mabare, upande wa mashariki, Waislamu wa Kihutu na wa Kitutsi walisimama pamoja kuwapinga washambuliaji, na msikiti ukawa kimbilio. Askari walipoletwa kuwasaidia wauaji, watetezi wale walizidiwa nguvu, na watu wengi wakauawa. Jambo hili lafaa kukumbukwa: hata msikiti haukuweza kumlinda mtu kwa kuta zake. Kilicholinda, pale kilipoweza, ni watu waliokuwa ndani ya kuta.

Kwa nini mitaa ile ilitenda tofauti? Wenye kupenda kujisifu watajibu upesi kwamba ni kwa sababu ya Uislamu, nao hawakukosea kabisa. Sura ya Al-Maida yafundisha kwamba kuiua nafsi moja pasipo haki ni kama kuwaua watu wote. Na Sura ya Al-Hujurat yafundisha kwamba mataifa na makabila yaliumbwa ili yajuane, na kwamba ubora uko katika uchaji peke yake. Mtume (S.A.W.) aliwaamuru masahaba kumsaidia ndugu aliye dhalimu, na walipostaajabu aliwaeleza kuwa msaada wa dhalimu ni kumzuia na dhuluma yake. Fundisho hilo lina mahali pa kushika, yaani mkono wa mtu. Tena katika safu ya sala bega la Mhutu liligusana na bega la Mtutsi mara tano kila siku, na watoto wao wakaoana, mpaka mtu asijue jamaa ipi akate na ipi aache.

Lakini mwenye insafu ataongeza sababu nyingine, ambayo haina utukufu. Waislamu hawakuwa na serikali. Hawakualikwa mezani, kwa hiyo hawakula sumu iliyokuwa juu ya meza. Wabelgiji waliwatenga, na serikali zilizofuata zikawasahau. Na katika kutengwa huko wakajifunza kusaidiana bila kutazama kitambulisho. Dharau ile iliyowauma kwa miaka 80 iligeuka kuwa kinga. Huenda Mwenyezi Mungu aliwaepusha na mtihani ambao hakuna ajuaye kama wangeufaulu.

Na ushahidi kwamba si wote waliofaulu upo, wala haufai kufichwa. Mhariri wa gazeti la Kangura, ambalo mwezi wa Desemba 1990 lilichapisha zile zilizoitwa Amri Kumi za Wahutu, zenye kukataza kuoa Mtutsi, kushirikiana naye katika biashara na kumwonea huruma, ni Hassan Ngeze wa Gisenyi, naye ni Mwislamu. Mahakama ya Arusha ilimhukumu mwaka 2003, na katika rufaa ya mwaka 2007 ikampa kifungo cha miaka 35. Wako Waislamu wengine waliobeba mapanga, ijapokuwa walikuwa wachache. Sura ya An-Nisa imewaamuru waumini kusimamisha uadilifu hata kama ushahidi ni juu ya nafsi zao. Anayemtaja padri wa Nyange na kumsahau mhariri wa Kangura ametoa nusu ya ushahidi, na nusu ya ushahidi ni uongo kamili.

Uadilifu huo huo wadai kuwataja Wakristo waliosimama. Katika Gisenyi alikuwako Felicitas Niyitegeka, mwanamke wa Kikatoliki, Mhutu, aliyewavusha wakimbizi mpakani na kuwaficha wengine. Nduguye, aliyekuwa mkubwa katika jeshi, alimsihi ajiokoe. Alikataa kuwaacha watu wake, akauawa pamoja nao mwezi huo wa Aprili. Leo ni shujaa wa taifa. Mwaka 1997, katika shule ya Nyange, wanafunzi waliamriwa na washambuliaji wajitenge, Wahutu upande huu na Watutsi upande ule. Wakajibu kwamba wao ni Wanyarwanda. Baadhi yao walipigwa risasi. Hao nao wametajwa mashujaa. Fundisho la kumpenda jirani, lililoonekana kuwa halikuuzuia mkono wowote, liliizuia mikono ya hawa. Kwa hiyo anayetoka kanisani asiseme kwamba hamkuwa na kitu mle. Aseme tu kwamba yeye aliulizia mkate, na siku ile hakupewa.

Hapa yafaa kusahihisha neno moja linalopendwa katika mabaraza. Baada ya 1994 ilivuma habari, ndani na nje ya nchi, kwamba Waislamu wa Rwanda wamekuwa sehemu moja katika kumi ya watu wote, au zaidi. Hesabu za serikali hazikuthibitisha hivyo. Hesabu ya 2012 na ile ya 2022 ziliwakuta Waislamu kiasi cha 2 katika kila watu 100. Kwa kuwa watu wa nchi wenyewe wameongezeka kutoka milioni 7 hadi milioni 13, idadi ya Waislamu kwa vichwa imezidi maradufu, na hilo si dogo. Lakini Wakatoliki, waliokuwa zaidi ya 60 katika mia, walishuka mwaka 2012 wakawa 44, na mwaka 2022 wakawa kiasi cha 40. Na wengi wa waliotoka huko hawakuingia msikitini. Waliingia katika makanisa mengine, ya Kiprotestanti, ya Kipentekoste na ya Wasabato. Yaani walikuwa na swali lile lile la mjane, wakalipeleka katika mlango mwingine.

Tena si wote waliosilimu waliokuja kwa njia moja. Wako waliokuja kwa shukrani, kwa sababu mkono uliowaficha ulikuwa wa Mwislamu. Wako mayatima waliolelewa katika nyumba za Kiislamu, wakakua hawajui kibla kingine. Wako waliokuja kwa hofu, wakidhani kwamba yakitokea tena, msikitini watasalimika. Na wako, maana kweli haina budi kusemwa, waliokuja kutafuta kivuli, wenye dhambi zao wenyewe, wakitumaini kwamba kofia nyeupe itawasafisha mbele ya macho ya watu. Nia ni siri ya Mwenyezi Mungu. Lakini yule wa mwisho apaswa kuelezwa waziwazi kwamba katika Uislamu hakuna chumba cha kunong'ona kitakachomwondolea deni la mjane.

Na Kanisa lilijibu nini? Mwaka 1996 Papa Yohane Paulo wa Pili aliandika kwamba waumini waliotenda dhambi katika mauaji hayo hawana budi kukubali kuwajibika kwa waliyoyatenda, lakini Kanisa lenyewe haliwezi kushtakiwa kwa makosa ya watu wake. Jibu hilo halikuwatosha wengi. Miaka 20 baadaye, mwezi wa Novemba 2016, maaskofu wa Rwanda waliomba radhi kwa makosa ya Wakristo wao. Na tarehe 20 Machi 2017 Papa Fransisko, alipompokea Rais Paul Kagame, aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi za Kanisa na za watu wake. Ilichukua miaka 23. Mwislamu asiyecheka kwa kuchelewa huko na amshukuru Mungu. Na anayecheka ajiulize ni kosa gani la jamaa zake mwenyewe ambalo mpaka leo halijaombewa radhi.

Ndugu Waislamu, hapo ndipo swali la mjane linapogeuka. Nyakati zile za mtaa wa Waswahili zimekwisha. Kiswahili, lugha iliyokuwa tusi, kilifanywa mwaka 2017 kuwa mojawapo ya lugha rasmi za nchi. Sikukuu za Idi zimewekwa katika siku za mapumziko. Watoto wa Kiislamu husoma, hufanya kazi serikalini, huvaa sare za jeshi na za polisi. Neema hii ni ya kushukuriwa. Lakini neema huja na mtihani wake. Mzee wa Nyamirambo mwaka 1994 alisema "hapana" akiwa hana cha kupoteza ila uhai wake. Mjukuu wake leo ana cheo, nyumba na jina, na huenda siku moja akaamriwa jambo ovu na mkubwa mwenye adabu, kwa karatasi yenye muhuri. Atasema "hapana" kama babu yake? Au naye atagundua, kama wengi wa benchi la tatu, kwamba dini yake ilikuwa ya mdomo?

Wala mtu asiseme kwamba kalima peke yake yatosha kuwa kinga. Katika Darfur, tangu mwaka 2003, waliouawa ni Waislamu na waliowaua ni Waislamu. Walisali kuelekea kibla kimoja, na misikiti haikusalimika. Kama mjane wa Darfur ataliuliza swali lile lile, mwanachuoni gani atamjibu? Mafundisho mema hayakosi katika dini hizi. Lililokosekana, kila mahali palipotokea msiba, ni watu waliozoezwa kuyatumia siku ambayo yana gharama.

Kwa hiyo yako mambo matatu yanayoipasa jumuiya hii. La kwanza ni kumpokea anayesilimu bila kumfanya ngoma ya kuonyesha. Asipandishwe jukwaani kuwatukana alikotoka. Sura ya Al-An'am imekataza kuvitukana vile wanavyoviomba wengine. Apewe mwalimu mvumilivu, apewe na muda wa kulia.

La pili ni kutomkata na jamaa zake. Asma binti Abubakar alipojiwa na mama yake, naye angali mshirikina, alimwuliza Mtume (S.A.W.) afanyeje, akaamriwa amtendee wema. Basi kijana aliyesilimu ambaye mama yake huenda misa ana wajibu wa kumsindikiza mpaka mlangoni na kumngoja nje, ikiwa njia ni mbaya au miguu yake haina nguvu. Na siku mama huyo atakapofariki, achimbe kaburi pamoja na nduguze. Wahenga walisema, "Mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe."

La tatu ni kuwafundisha watoto wa madrasa, pamoja na tajwidi na nguzo za sala, habari za Nyamirambo na za Mabare. Na pamoja nazo habari za Felicitas, na habari za mhariri wa Kangura. Wafundishwe kwamba utii kwa kiumbe haupo katika kumwasi Muumba, na wafundishwe wakiwa wadogo, kabla hawajapata cha kupoteza. Mtoto aliyezoea kusema "hapana" kwa rafiki anayemwonea mdogo wake, huyo ndiye atakayeweza kusema "hapana" mbele ya kizuizi cha barabarani.

Waliotoka kanisani hawakuleta zawadi ya ushindi. Walileta amana. Waliuliza: dini yaweza kuuzuia mkono? Mwaka 1994 baadhi ya wazee wa mitaa hii walijibu kwa matendo, na wengi wa wazee hao sasa wamelala makaburini. Jibu lao haliwezi kurithiwa kama shamba; kila kizazi chadaiwa lake.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliouawa, awafariji waliobaki, awalipe kheri waliofungua milango yao, wa dini yoyote waliokuwa. Na awajaalie Waislamu wa nchi hii wawe watu ambao jirani hana haja ya kuwaogopa, usiku wala mchana. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.